Kariakoo, kutafuta amplifaya ya kuweka mkobani

Ukitaka kwenda Dar es Salaam kwa treni ya umeme kutoka Morogoro, ujue stesheni iko mbali na mji. Sisi tunakaa upande wa mlimani, Uluguru imesimama nyuma ya jiko letu kama ukuta wa jirani, na bajaji ya kutufikisha stesheni alfajiri ile ilitaka shilingi 8,000. Nikamwambia binti yangu kwamba tumeanza vibaya. Tulikuwa tunakwenda Kariakoo kutafuta kitu cha kutuondolea gharama za bajaji, na bajaji ndiyo ikawa ya kwanza kula hela yenyewe.

Hakucheka. Alikuwa amelikumbatia gitaa lake ndani ya mfuko mweusi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, na macho yake yalikuwa kwenye pochi yangu. Ndani ya pochi kulikuwa na shilingi 900,000, mgawo wangu wa kikoba wa mwaka mzima. Mimi ni fundi cherehani. Fedha hiyo nilikuwa nimeipangia mashine ya ovaloki ya mtumba niliyoiona kwa fundi mwenzangu anayehamia Dodoma, na wateja wangu walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba baada ya muda mfupi nguo zao hazitakuwa tena na pindo za kuchanikachanika.

Binti huyu ana miaka 22, anapiga gitaa la solo kwenye bendi ya vijana watano. Wanapiga kwenye harusi, sendofu, ubarikio, hata mahafali. Kwa usiku mmoja kila mmoja hupata shilingi 40,000. Tatizo lilikuwa amplifaya ya baba yake. Ni sanduku la mbao lenye spika mbili, zito kiasi kwamba hubebwa na wanaume wawili, na mwenye bendi moja ya zamani alimpa mume wangu kama fidia ya mishahara ambayo hakumlipa. Kulipeleka ukumbini na kulirudisha usiku ni shilingi 20,000, maana dereva wa bajaji akiliona tu anapandisha bei. Nusu ya ujira inabaki barabarani.

Nilimuuliza kwa nini asichomeke gitaa moja kwa moja kwenye miksa ya ukumbi, kwa kuwa kumbi nyingi siku hizi zina spika zao. Akanichomekea nyumbani kwenye spika ya kuimbia ili nisikie. Kweli, ilikuwa sauti kavu, nyembamba, kama nyuzi zimefungwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Gitaa la umeme, nilielewa siku ile, haliishii kwenye nyuzi. Nusu ya chombo ni amplifaya.

Hapo ndipo likaja neno la pedali. Siyo pedali ile ya efekti moja ambayo baba yake aliizoea, bali kisanduku kimoja cha kukanyaga chenye efekti nyingi ndani yake, na zaidi ya hizo kinaigiza amplifaya. Unachomeka gitaa upande mmoja, upande wa pili waya unakwenda kwenye miksa, na watu ukumbini wanasikia kana kwamba nyuma yako kuna amplifaya kubwa imesimama.

Baba yake aliposikia alisema maneno mawili tu: "Sauti bandia." Kisha akarudi kwenye kiti chake, mwisho wa kochi upande wa dirisha, na hakuuliza tena.

Nilikuwa na sababu yangu nyingine ya kusita. Mwaka juzi binti alinunua pedali iliyotumika kutoka kwa mtu wa mtandaoni, akamlipa 180,000 za jasho lake. Ilikuja ikiwa imefungwa vizuri kwenye gazeti, bila adapta. Mtoto akachukua adapta ya redio iliyokuwa nyumbani, volti 9 kama ilivyoandikwa, akachomeka. Kilitoka kiharufu cha plastiki, taa ikawaka mara moja, ikazimika, na haikuwaka tena. Fundi wa redio alitueleza baadaye kwamba volti pekee hazitoshi. Pedali nyingi za gitaa hutaka hasi iwe katikati ya kichwa cha waya na chanya iwe nje, wakati adapta nyingi za vifaa vingine vya nyumbani ni kinyume chake. Kuna kimchoro kidogo pembeni ya tundu kinachoonyesha hivyo, na hakuna aliyekiangalia. Yule muuzaji hakupokea simu tena.

Kwa hiyo nikasema safari hii tunakwenda wenyewe, tunaona kwa macho, tunasikia kwa masikio.

Treni ilikuwa imejaa wafanyabiashara wanaokwenda kuchukua mzigo. Nauli ya daraja la kawaida tulilipa 13,000 kila mmoja. Nje, mkonge ulipita, vikapita vichaka vya Ngerengere, tukavuka Ruvu, na kabla sijamaliza andazi langu Soga ilikuwa nyuma yetu. Kwa basi ningekuwa bado natazama malori ya mafuta yaliyo mbele yetu. Sijazoea. Safari ya chini ya saa mbili haikupi muda wa kujuta.

Nilitumia muda huo kufanya hesabu nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Kama amplifaya itabaki nyumbani na binti akaenda kwa bodaboda, ataokoa karibu 15,000 kila shughuli. Pedali ya shilingi laki tano kasoro kidogo itarudisha fedha yake baada ya shughuli 32 au 33. Ya laki nane na nusu, shughuli 57. Msimu mzuri wana shughuli mbili kwa wiki, na wakati wa mfungo au mvua za masika wanaweza kukaa mwezi mzima bila hata moja. Nilimwonyesha daftari. Akalitazama kwa muda, akasema, "Mama, hata 32 ni nyingi," na akageukia dirisha.

Ili kumtoa kwenye mawazo nikamwomba anieleze hicho kisanduku kinaigizaje. Alianza na maneno ya hesabu na kompyuta, nikamkatiza. Akafikiri, kisha akanieleza kwa lugha ya kazi yangu, na sijapata maelezo bora zaidi. Alisema: mteja anakuletea gauni lililomkaa vizuri. Hulifumui. Unalilaza juu ya karatasi, unapima kiuno, unapima mkunjo wa bega, unatoa patani. Halafu kwa patani hiyo unaweza kushona lingine kwa kitambaa chako. Wale wahandisi nao wameipima amplifaya: ukipiga nyuzi taratibu inajibuje, ukipiga kwa nguvu inaanza kukwaruza wapi, spika yake inakata sauti gani na inapitisha ipi. Vipimo hivyo vimewekwa kwenye kisanduku kama programu. Ndani yake kuna patani ya Twin Reverb ya Fender, amplifaya ya Marekani iliyotoka 1963. Kuna ya AC30 ya Vox ya Uingereza. Kuna ya Jazz Chorus ya Roland, ya Japani, iliyoanza kuuzwa 1975. Majina hayo mara nyingi hayaandikwi waziwazi kwa sababu ni mali ya wenyewe, utakuta vifupisho au jina la kupanga, na mpigaji anajua kilichokusudiwa.

"Na vinafanana?" nikamuuliza.

"Kama gauni la patani," akasema. "Mwenye gauni la kwanza atajua. Wageni wa harusi hawatajua."

Mchezo wenyewe si mpya. Kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa kisanduku chake kiitwacho POD mwaka 1998, chekundu, chenye umbo kama figo, na tangu hapo kila kampuni ina chake. Vya juu kabisa, kama Kemper ya Ujerumani au Quad Cortex ya Finland, bei yake ni ya kununua kiwanja huku kwetu, navyo hatukwenda kuvitazama.

Kutoka stesheni ya Dar es Salaam hadi Kariakoo si mbali. Tulitembea kupitia Gerezani, mimi mbele na pochi yangu kwapani, yeye nyuma na gitaa. Mtu wa bara akifika Kariakoo hupungukiwa macho. Msimbazi ilikuwa imejaa, mabasi ya mwendokasi yanapita katikati, pembeni mikokoteni ya matikiti, mabegi ya shule, feni, vyungu vya kupikia vilivyopangwa hadi barabarani, na sauti iliyorekodiwa inayotangaza bei ya soksi bila kupumua. Soko lenyewe liliungua Julai 2021 na limejengwa upya, lakini Kariakoo halisi haikuwahi kuwa ndani ya jengo. Iko mitaani. Mitaa ina utaalamu wake: huku vitenge, kule vioo vya madirisha, pengine vipodozi tu kuanzia kona hadi kona. Maduka ya vyombo vya muziki yamechanganyika na ya spika na redio za magari, na unayajua kabla hujayaona, kwa mtikisiko wa kifua.

Tulipita pia jirani na ukumbi wa DDC. Mume wangu aliwahi kupiga gitaa la ridhim pale, usiku mmoja, akimshikia nafasi mtu aliyeugua. Amelisimulia jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba binti alisimama mwenyewe bila kuambiwa, akapiga picha ya ukuta.

Duka la kwanza lilikuwa la kijana mchangamfu. "Karibu mama mkubwa, karibu dada, mzigo umeshuka jana!" Akatoa pedali kubwa iliyotumika, ya chuma, yenye swichi nyingi na taa kama mti wa Krismasi, akaiweka juu ya meza kwa mikono miwili. Shilingi 600,000. Akachomeka gitaa lake mwenyewe la dukani na kukanyaga swichi. Ilitoka sauti ya mashine ya kukamulia miwa. Akakanyaga nyingine, ikatoka mashine ileile ndani ya pango. Watu wawili wakasimama mlangoni kutazama, naye akafurahi.

Binti yangu alingoja amalize, akasalimia, akafungua mfuko wake, akatoa gitaa lake, waya wake na hedifoni zake. Hili nalisema kwa yeyote mwenye mtoto wa namna hii: usiende kununua chombo cha namna hii ukitegemea gitaa la muuzaji. Alikuwa amejiandalia kipande kimoja cha solo, sekunde kama 20, na siku ile nilikisikia mara tisa au kumi katika maduka manne. Kipande kilekile, gitaa lilelile. Kilichobadilika ni kisanduku tu, basi tofauti unayoisikia ni yake.

"Kaka, niwekee sauti safi."

Kijana akahangaika na vitufe. Sauti zilizowekwa kiwandani kwenye pedali nyingi zimepangwa kwa ajili ya wapiga roki, distosheni juu ya distosheni, kwa kuwa hiyo ndiyo inayowashtua wanunuzi dukani. Muziki wa dansi hauna kazi nayo. Solo ya dansi inataka amplifaya safi, ile ya Fender au ile ya Roland, kompresa kidogo ili noti zote zitoke sawa, korasi ya kuzitanua, na mwangwi mfupi wa dilei nyuma yake. Noti lazima zisikike moja moja, kama shanga. Akikosea kuchanganya, zinakuwa uji.

Ile pedali kubwa ilikuwa na sauti nzuri ndani, nakiri. Binti aliipata baada ya kuitafuta kwa dakika kumi, na uso wake ukalainika. Ndipo nikaigeuza adapta yake. Nimejifunza kusoma maandishi madogo tangu ile ya mwaka juzi. Ilikuwa imeandikwa volti 100. Ni adapta ya kwao Japani, inayotaka umeme wa Japani, na umeme wetu ni 230. Pale dukani ilikuwa imechomekwa kwenye kisanduku cha kupunguza umeme kilichofichwa chini ya meza.

"Hicho kinauzwa pamoja?" nikauliza.

"Hapana mama mkubwa, hicho cha duka."

Tukamshukuru.

Duka la pili na la tatu sitawachosha nayo. Moja lilikuwa na pedali nzuri lakini mwenyewe alikataa kabisa tusiifungue mpaka tulipe.

La nne lilikuwa ghorofani, ngazi nyembamba, duka dogo lisilopiga muziki wowote. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo. Binti akamwamkia, yeye akaitikia "marahaba" na kututolea vigoda. Badala ya kutuonyesha kitu, akauliza: "Unapiga wapi?" Akaendelea: ukumbi una miksa? Fundi mitambo ni wenu au wa ukumbi? Umeme ukikatika mnafanyaje? Unaimba huku unapiga? Mwaka mzima wa kutafuta, hakuna aliyekuwa amemuuliza maswali hayo. Baadaye alituambia kwamba usiku naye hupiga besi.

Aliweka mbele yetu viwili. Kimoja GT-1 ya Boss, kwa 850,000. Kingine G1X Four ya Zoom, kwa 480,000. Vyote vipya, vyote vya kampuni za Japani, vyote vidogo vya kuingia kwenye mkoba wa kawaida, na vyote vinaweza kutumia betri nne ndogo za AA umeme ukikatika. Vyote vina pedali ya kukanyaga pembeni, ya kuongeza na kupunguza sauti.

Akamwacha binti. Hakumsemesha, akaenda kunywa kahawa yake mlangoni.

Alianza na Zoom. Sauti ilikuja safi, ya kutosha, nami nikaanza kupumua. Kisha akachomeka GT-1, akatafuta ile Jazz Chorus, akapiga kipande chake. Mimi si mwanamuziki. Lakini nimeishi na mpiga gitaa miaka 31, na nilisikia zile noti zikikaa hewani kidogo zaidi kabla ya kuondoka. Alipiga kipande mara mbili. Mara ya pili alifumba macho.

Kuna tofauti nyingine aliyotueleza mwenye duka. GT-1 ina swichi tatu za mguu, Zoom mbili. Zile mbili ni za kupanda na kushuka kutoka sauti moja hadi nyingine. Ya tatu unaweza kuipa kazi yako, kwa mfano kuinua sauti wakati wa solo. Mtu anayepiga huku anaimba huona thamani ya swichi hiyo ya ziada. Lakini, akasema, hata mbili zinatosha ukipanga nyumba yako: weka sauti ya ridhim namba moja, ya solo namba mbili, jirani kwa jirani, uwe unapanda na kushuka ngazi moja tu. Anayeharibikiwa ukumbini ni yule aliyeacha solo yake namba 37.

Binti alivua hedifoni, akaziweka mezani. "Nachukua hii ya Zoom," akasema. "Inanitosha, mama."

Nilitaka kusema neno. Pochi ilikuwa mapajani, na ndani yake GT-1 ilikuwemo kamili, ikabaki na 50,000 ya nauli na chakula. Nilijua alichokipenda, naye alijua kwamba najua. Lakini ovaloki nayo nilikuwa nimeipenda. Nilinyamaza, na nikawa nasikia kunyamaza kwangu. Yule mzee wa duka akatazama kikombe chake. Kisha nikahesabu 480,000 juu ya meza, noti za elfu kumi, polepole kuliko ilivyohitajika.

Kabla ya kufunga, alifanya mambo mawili ambayo maduka mengine hawakuyafanya. Alimwonyesha binti kimchoro cha hasi katikati kwenye adapta na kwenye tundu, vikilingana, na kumwambia asiazime ya mtu. Halafu akamwonyesha mahali pa kuzima kiigizo cha spika. Hapo panawashinda wengi. Ukipeleka waya kwenye miksa, acha kiigizo cha spika kikiwa kimewashwa, maana spika za ukumbi hazijatengenezwa kwa gitaa. Lakini siku ukichomeka kwenye amplifaya ya kweli, yenye spika zake za gitaa, kizime. Usipokizima sauti inapita kwenye spika mara mbili, ya kuigiza na ya kweli, inatoka kama mtu anayeongea amejiziba mdomo kwa kanga.

Tulikula mihogo ya kukaanga pale chini, tukanunua betri, tukarudi stesheni na saa moja mkononi.

Kwenye treni ya kurudi hakuweza kusubiri. Alichomeka hedifoni, akaweka betri, akapakata gitaa na kuanza. Behewa zima halikusikia kitu zaidi ya mchakarisho wa nyuzi. Mtoto mmoja wa kiume, labda wa miaka sita, alisimama kwenye njia akatazama vidole vinavyokimbia bila sauti, akamwendea mama yake na kumwambia kwamba redio ya dada imeharibika. Binti akamwita, akamvisha hedifoni. Uso wa yule mtoto ulikuwa wa kulipia tiketi.

Nyumbani, mzee alikuwa kwenye kiti chake. Kisanduku kikawekwa mezani, akakigeuza, akasoma nyuma. Zoom, Tokyo. Hilo lilimlainisha kidogo. Alikuwa kijana mwaka 1970, Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe walipokwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka, na kwake yeye Wajapani ni watu waliowahi kumsikiliza Mbaraka, kwa hiyo wana haki ya kutengeneza vitu vya gitaa.

Binti alimtengenezea sauti: amplifaya safi, kompresa, na dilei ya kupendeza, ile ambayo mwangwi unarukaruka, mmoja sikio la kushoto, unaofuata la kulia. Akamvisha hedifoni. Mzee akapiga kodi mbili tatu za zamani, akasimama.

"Kibovu," akasema. "Mwangwi wake unachechemea."

"Unachechemeaje, baba?"

"Unajibu, unanyamaza. Unajibu, unanyamaza."

Nilihisi zile 480,000 zikinishuka tumboni. Binti akavaa hedifoni, akapiga. Hakukuwa na kasoro. Akamrudishia. Mzee akapiga, akatikisa kichwa: unachechemea. Basi binti akazigeuza hedifoni kichwani mwake, ya kushoto ikaenda kulia, ya kulia ikaenda kushoto, bila kusema neno.

"Bado," mzee akasema. "Ila sasa umebadilisha mguu."

Niliona binti ameacha kutazama kisanduku. Alikuwa anamtazama baba yake. Akainama, akazungusha vitufe muda mrefu, akaiondoa ile dilei ya kurukaruka na kuweka ya kawaida, isiyogawanya kushoto na kulia.

"Sasa?"

"Sasa kimepona."

Jikoni ndiko aliponieleza kwa kunong'ona. Sikio la kushoto la baba halisikii kitu. Miaka yote ile jukwaani alisimama mpiga dramu akiwa kushotoni kwake, sahani za shaba usawa wa kichwa, na amplifaya ikimfokea mgongoni. Nilisimama na mwiko mkononi nikifikiria lile kochi. Miaka mingapi amekaa mwisho ule wa dirishani, nasi sote tukiwa upande wake wa kulia? Nilidhani anapenda upepo. Na zile mara nilizomnunia kwa kutonijibu kitandani.

Hakukana tulipomuuliza. Alisema tu kwamba mpiga ridhim hahitaji masikio mawili.

Daktari alimpima wiki iliyofuata. La kushoto halirudi. La kulia nalo limepungua, lakini lipo, na ameagizwa alilinde. Kwa hiyo kwenye kitufe cha sauti cha kile kisanduku kuna alama ya rangi ya kucha, nyekundu, niliyoitia mwenyewe, na hakuna ruhusa ya kuipita, yeye wala binti yake. Binti nimemshonea pia kamfuko ka kitenge ka kutunzia vizibo vya masikio vya kwenda navyo ukumbini, na wenzake wa bendi walipomaliza kumcheka wawili wao wameniomba niwashonee.

Amefanya shughuli 11 mpaka sasa, anaziandika kwenye daftari langu, nyuma ya vipimo. Ovaloki ile ilikwenda Dodoma na mwenyewe. Nyingine sijaipata.

Jioni, kisanduku kikiwa hakina safari, mzee hukiomba. Hukaa mwisho wa kochi, hedifoni masikioni, na sisi hatusikii kitu ila mchakarisho wa nyuzi. Nikimwita chakula haitiki, na siku hizi sipazi sauti. Naenda namgusa bega. Anavua upande mmoja wa hedifoni, ule wa kulia, na kuniuliza kama leo ni ugali au wali.